Kiti cha Mbele kwenye Lori la Makala

Juzi redio ilikuwa inaongea habari za magari ya kesho. Mtaalamu mmoja, sauti laini, sauti ya mtu aliyekula akashiba, alisema kuna magari ya umeme, ambayo kobalti yake inachimbwa hapa kwetu Kolwezi, na kuna magari ya hidrojeni, ambayo badala ya moshi yanatoa mvuke. Mtangazaji akamuuliza kama hiyo hidrojeni haiwezi kulipuka ikamuua mtu. Mtaalamu akacheka, akaeleza mambo ya matangi. Halafu akataja gesi ya makala, ndivyo huku tunavyoita makaa, kwamba hata ile ya zamani ilikuwa na hidrojeni kidogo ndani yake, pamoja na gesi nyingine ya sumu isiyo na harufu, na kwamba mtu mwenye akili zake hawezi kusafiri na kitu kama hicho. Nikazima redio. Mimi nilisafiri nacho, tena nikiwa na akili zangu zote, ingawa wivu nilikuwa nao mwingi zaidi.

Na wivu wangu siuonei haya, niseme mapema. Wamama wa kanisa waliuombea uniondoke. Walinishika kichwa, wakaimba, wakalia. Haukuondoka, na baadaye walikuja kuona wenyewe ulifanya kazi gani.

Bwana yangu, ambaye nilimwita tata, yaani baba, naye akiniita mama, alikuwa sudere, mtu wa kuchomelea vyuma, kwenye garaji ya kampuni ya migodi. Alizaliwa hapa hapa Kolwezi, kwenye kambi ya wafanyakazi, lakini babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, kwa hiyo machoni pa watu alikuwa Mkasai. Mimi wazazi wangu ni wa Katanga ya kaskazini. Tulifunga ndoa kanisani na kwa miaka mingi hakuna aliyetuuliza nani wa wapi. Walichotuuliza ni mtoto, na mtoto Mungu hakutupa. Waliniuliza mimi, si yeye, kama kawaida yao.

Halafu kampuni ikaanza kufa. Mishahara ikachelewa, kisha ikawa haiji kabisa. Hospitali ya kambi ikabaki vitanda na harufu ya dawa. Kwenye kituo cha petroli mlinzi alikuwa akikaa juu ya pampu yenyewe, anakula karanga, kwa kuwa hakuna aliyekuja kuisumbua. Na njaa ilipoingia, wakubwa wakaanza kusema kwenye mikutano kwamba Katanga ni ya Wakatanga. Wakasai wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Vijana wakapita nyumba kwa nyumba wakiwatoa watu waliokuwa wamecheza nao mpira. Waliotolewa walikwenda stasioni kungojea treni ya Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuikanyaga, na treni ilikuja ilipotaka yenyewe. Walilala kando ya reli na masufuria yao, mvua ikiwanyeshea, na kuhara kukaanza kuchukua watoto.

“Mi siende kufia mu stasioni,” bwana yangu alisema. “Tutaenda na lori yetu.”

Lori kweli tulikuwa nalo. Kampuni ilipokosa pesa iliwaachia baadhi ya wafanyakazi vyuma, na yeye alipata lori kuukuu la petroli ambalo majirani walikuwa wakianikia nguo. Nikamuuliza petroli ataitoa wapi. Akaniambia baba yake, zamani za vita vya Wazungu, aliendesha lori lililokula makala, na makala yapo njiani kote mpaka Kasai, kila kijiji kinachoma. Nilimwona amechanganyikiwa. Lakini alichukua mapipa, akachomelea moja juu ya jingine nyuma ya kabini. Juu aliweka kifuniko cha kutilia makala, chini kilango cha majivu, ubavuni bomba la kupeleka gesi kwenye injini, likipitia pipa dogo lenye magunia ndani ya kuchuja vumbi. Unawasha makala, unayapuliza kwa feni ya kuzungusha na mkono, nayo yanatoa gesi. Kujua kama gesi imeiva unaweka kiberiti kwenye kibomba cha pembeni. Moto ukiwa mwekundu unangoja, ukiwa wa bluu unawasha injini.

Siku lilipounguruma mara ya kwanza nilipiga vigelegele mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi. Siku ya pili likakohoa likazima. Siku ya tatu akaja mama wa makala.

Alikuwa mjane, Mkasai naye. Alichoma makala porini nyuma ya mashimo ya mgodi wa Mashamba na kuyauza sokoni. Mrefu, mweusi wa kung’aa, meno yote mahali pake, na mabinti wawili wadogo waliomfuata kila aendako. Tangu mumewe afe hakuonekana kupungua chochote, na hilo peke yake lilinikera. Alichukua kipande cha makala yetu, akakigonga na kingine, akasikiliza.

“Hii haikuiva ndani,” akamwambia bwana yangu. “Njo maana bomba yako inajaa lami.”

Bwana yangu alimtazama hivi. Mimi najua alivyomtazama, nilikuwepo. Kwa miaka mingi nilimwambia mambo mengi ya maana na hakunitazama hivyo.

Sasa, lori la makala haliendeshwi na mtu mmoja. Dereva anashika usukani, na pembeni yake lazima akae mtu wa moto. Huyo ndiye anayesikiliza pipa linavyonguruma, anayeshuka kuchokoa majivu, anayeongeza makala yaliyovunjwavunjwa ukubwa wa yai, anayezungusha feni gari likisimama. Na kabini ilikuwa na viti viwili tu, na huyo mama na mabinti zake sasa walikuwa wanakwenda Kasai nasi. Hesabu hiyo niliifanya kabla yao wote.

“Mtu wa moto nitakuwa mimi,” nikasema. “Nimepika na makala tangu sijaota matiti.”

Bwana yangu akacheka. “Mama, kupika bukari na kulisha moteri haiko kitu kimoja.”

Neno hilo la bukari, yaani ugali, nililimeza lakini halikushuka. Wakaenda kujaribu lori mpaka Fungurume, wao wawili mbele, mabinti juu ya magunia, mimi mlangoni na ufagio. Walirudi jioni nyuso nyeusi ti, wanacheka, wakiongea Kiluba cha Kasai. Mimi Kiluba changu ni cha kaskazini, kinashikana na chao kidogo, kwa hiyo nilikuwa nasikia nusu. Afadhali nisingesikia kitu. Nusu nyingine niliijaza mwenyewe, na mimi sina mkono wa birika katika mambo hayo.

Akanisalimia, “Bonjour, yaya.” Yaya ni dada mkubwa. Hakunizidi wala sikumzidi sana kwa umri, lakini akaniita yaya, kwa heshima, na heshima ile ikanizeesha palepale uani.

Nikamvua bwana yangu shati nilifue. Mgongoni, karibu na bega, kulikuwa na alama ya mkono. Kiganja kizima na vidole vyake, vyeusi, vimetulia kama muhuri wa posta.

“Hii nini?”

“Cheche,” akasema. “Nilifungua kifuniko, cheche ikaruka, akaizima.”

“Na mkono?”

“Ulitaka aizime na mguu?”

Nililisugua shati lile mpaka kitambaa kikaanza kuonyesha upande wa pili. Alama ilififia, haikutoka. Na shimo la cheche nililitafuta kwenye mwanga wa dirisha nisilione.

Kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa mtu wa ofisi na hakumpenda shemeji yake kwa muda mrefu kabla ya siasa kumpa ruhusa, alinishauri nibaki. “Weye uko mwana wa hapa,” aliniambia. “Acha mutu aende kwabo. Nyumba itabaki yako.” Akaona haitoshi, akaongeza, “Ataenda na ule mwanamuke, atazaa. Weye ukifika kule utakuwa nani?” Alikuwa amenijua tangu utotoni, alijua pa kuchoma. Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani, nikiwa nimevuta kitambaa usoni watu wasione. Kubaki sikutaka. Na kwenda, nikakaa nyuma juu ya magunia huku wao wako mbele mpaka Kasai, nisingeweza. Nilitaka bwana yangu na nilitaka kile kiti, na nilikuwa sina hakika na chochote kati ya hivyo viwili.

Siku yenyewe ya kuondoka ilikuwa ya mvua kubwa. Mchana nilikwenda kwa kaka yangu kuchukua cherehani yangu iliyokuwa kule, maana mimi kama mwenyeji niliweza kutembea barabarani bila kuguswa. Wakati nikiwa huko vijana walifika mtaa wa mama wa makala. Akakimbia na mabinti zake, kikapu cha kuku, na nguo alizovaa, akaja kwetu. Bwana yangu alikuwa tayari ameshawasha pipa akinisubiri tuondoke jioni ileile. Aliposikia vijana wanakuja upande huu akaingiza lori kwenye garaji yetu ya mabati, akawaingiza na wale, akafunga komeo kwa ndani. Kuzima pipa hakuzima. Moto wa lori lile kuuwasha upya unachukua muda, basi aliulaza tu, akaacha makala yaendelee kuiva polepole. Na ili mtu wa nje asione wekundu wala asisikie kitu, akajaza magunia chini ya mlango na kwenye nyufa.

Hayo yote niliyajua baadaye. Nilichokikuta mimi ni jirani yangu amesimama chini ya ukingo wa paa, kanga kichwani, anangoja kwa hamu niulize.

“Si uniulize bwana yako yuko wapi,” akasema. “Yuko mu garaji. Amejifungia na mama wa makala. Vijana bamekwisha kupita zamani, lakini bo hawatoke.”

Niliweka cherehani barazani. Sikumbuki kuvuka uwanja. Nakumbuka kupita jikoni na kuchukua mchi wa kinu, kwa sababu ulikuwa na unga na unga ukalowa mvua ukanishika viganjani. Niligonga mlango. Kimya. Nikamwita kwa jina, nikamwita yule mwanamke kwa majina ambayo kanisani hatuyatumii. Kimya. Kunyamaza kule kuliniudhi kuliko kama ningesikia wanacheka. Nikaona wananidharau, wanangoja nichoke niondoke. Nikaanza kupiga mbao kwa mchi, pale usawa wa komeo, na kila pigo nilikuwa nasema neno langu. Mbao ikavunjika, nikaingiza mkono, nikavuta komeo, nikausukuma mlango na magunia yake.

Niliingia huku nasema. Maneno niliyokuwa nimeyaandaa yalikuwa mengi na mazuri. Ndani hakukuwa na moshi hata kidogo. Hewa ilikuwa ya joto, safi tu, ya kawaida. Bwana yangu alikuwa amelala kifudifudi karibu na mlango. Mama wa makala alikuwa ameegemea tairi la nyuma, kichwa kimeanguka kifuani, mabinti mapajani. Na nitasema ukweli jinsi ulivyo: jicho langu kabla halijaona kwamba wanakufa, lilipima kwanza umbali kati yao. Ulikuwa mkubwa, lori zima. Ndipo nikaona midomo yao, myekundu kama waliopaka rangi, na hakuna aliyejitikisa kwa kelele zile zote.

Nikatupa mchi. Nilimvuta bwana yangu kwa kwapa mpaka nje kwenye mvua. Nikarudi nikachukua binti mmoja, nikarudi nikachukua wa pili, kichwa changu tayari kinagonga. Jirani akaacha kanga yake akaja kusaidia. Mama wa makala tulimvuta wa mwisho, kwa sababu alikuwa mbali na alikuwa mzito, na asitokee mtu akatafuta sababu nyingine.

Mvua iliwaamsha. Mabinti walilia, nami sijawahi kupenda kilio cha mtoto namna ile. Mama yao alitapika kwenye tope. Bwana yangu alichelewa. Nilikaa chini kwenye maji, nikapakata kichwa chake, nikamwomba Mungu, nikamwahidi vitu. Nilimwambia Mungu mambo ya wivu wangu, kwamba kama akiutaka auchukue. Ndipo bwana yangu akafumbua macho, akatazama mawingu, na neno lake la kwanza likawa hili:

“Mama wa makala iko wapi?”

Nikakiachia kichwa chake. Kikadunda kwenye tope. Na ile ahadi yangu nikairudisha mfukoni.

Wote wawili walikuwa watu wa moto, wakubwa kwa hesabu zao, na walikosea kosa la kila nyumba ya Kolwezi. Huku kwetu wakati wa baridi tunaacha mbabula, lile jiko letu la bati, nje mpaka moshi uishe na makala yawe mekundu. Yakishakuwa mekundu tunaliingiza chumbani, tunafunga madirisha, tunalala. Tunasema makala mekundu hayana ubaya. Watu walikuwa wakikutwa wamekufa asubuhi, na sisi tunatafuta nani amewaroga. Bwana yangu alilitazama pipa lake, akaona halitoi moshi, akaona salama. Na gesi ileile aliyoitengeneza kwa kusudi, ile ya kuendesha injini, ikawa inajaza garaji taratibu nao wanaongea habari za njia. Kuku wa yule mama walikufa wote kikapuni. Nilipowanyonyoa baadaye nyama yao ilikuwa nyekundu kupita kiasi, nikawatupa, ingawa njaa tulikuwa nayo.

Jioni ilikuwa inakaribia na vijana wangeweza kurudi. Jirani alisukuma nasi lori mpaka nje, hewa ikalipiga. Bwana yangu alikuwa anatetemeka, lakini alizungusha feni, akaweka kiberiti kwenye kibomba, moto ukawa wa bluu. Akapanda nyuma ya usukani. Mimi nilikuwa nimesimama barazani karibu na cherehani yangu.

“Mama,” akaniita. “Unapanda ao unabakia?”

“Kiti cha mbele ni cha nani?”

Nilisema kwa sauti, mbele ya jirani, mbele ya watoto. Hakujibu haraka, na kuchelewa kwake kulinitosha. Nilikuwa nimeshaanza kugeuka kuingia ndani, kwenda kuwa mwana wa hapa na nyumba yangu, wakati mama wa makala, nguo yake bado ina matapishi, alipowabeba mabinti zake mmoja mmoja, akawaweka juu ya magunia, akapanda na yeye.

“Mi nakaa nyuma, yaya,” akasema. “Huku kuko hewa.”

Hata leo, nimesharudi Kolwezi, sijui kama alinipa kile kiti au alitaka hewa tu. Nilimpasia cherehani, akaipokea. Nikapanda mbele.

Gesi ya makala haina nguvu, mtaalamu wa redio angesema hivyo na angesema kweli. Kwenye kila kilima tulishuka, tukalisindikiza lori kwa miguu, tukisukuma, na watu waliokwenda Kasai kwa miguu walitupita wakituaga. Nusu ya lori ilikuwa chakula chake lenyewe. Mimi nilikaa na fimbo ya chuma mapajani na dirisha wazi kabisa, mvua inaingia mpaka kifuani, na sikulifunga. Tulipofika mbali na mji, pipa likaanza kunguruma kwa sauti nyembamba. Nyuma mama wa makala akagonga bati la kabini na kuniambia kwa sauti kwamba makala yanaisha, nishuke niongeze. Nilikuwa nimeshalisikia. Nikamwambia bwana yangu asimame.

Tukasimama. Nilichokoa majivu, nikabeba makala kwa mikono mpaka ikawa myeusi hadi viwikoni. Bwana yangu akafungua kifuniko na moto ukapumua juu, cheche zikaruka. Moja ikamtua mgongoni, karibu na bega. Nikampiga kofi palepale ikazimika. Nilimpiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilipoondoa mkono kulikuwa na kiganja kizima na vidole vyake, vyeusi, mahali palepale, na nilipochunguza kitambaa kwa karibu, shimo halikuwepo.

Alikuwa amesimama ameshika kifuniko, ananitazama. Nyuma mabinti wakicheka na mama yao kitu fulani, kwa Kiluba chao, na nusu nikaisikia.

“Ulipoamka,” nikamwambia, “uliniuliza yeye yuko wapi. Mimi hukuniuliza.”

Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa ile gesi.

“Weye nilijua uko wapi,” akasema. “Kichwa yangu ilikuwa mu mikono yako.”

Nilichukua kipande cha mwisho cha makala, nikakitia ndani ya pipa.

“Funga kifuniko, tata,” nikamwambia. “Gesi inaenda bure.”